Vocha za kikundi: anzeni na daftari, simu itafuata

Katikati ya mwezi huku kwetu Kwale, fundi cherehani anashinda bila kazi, mama mboga ana mchicha unaonyauka, na sare ya mtoto wake imechanika. Kila mmoja anacho anachotaka mwenzake. Kinachokosekana ni shilingi. Vocha za kikundi, yaani ahadi za bidhaa au kazi ambazo wanachama hulipana badala ya shilingi, huziba pengo hilo, nami ndiye ninayetunza hesabu za kikundi chetu.

Hatua ya kwanza: karatasi ya mishale. Kila mwanachama ataje anachouza, anachonunua kila wiki, na anakinunua kwa nani. Choreni mshale kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji. Msiharakishe hapa. Sisi tuliharakisha, na aliyeumia ni mama mwenye duka. Mishale yote iliingia kwake na hakuna uliotoka, kwa sababu unga na sukari anavitoa kwa muuzaji wa jumla mjini, asiyejua vocha. Wiki ya tatu alinionyesha simu yake: salio 2,300, na rafu ya unga tupu. "Mwanangu, hizi nitazinunulia nini?"

Tangu siku ile, mwenye bidhaa za kutoka nje hupokea nusu vocha, nusu shilingi. Naye tulimtafutia pa kuzitumia: mchota maji, msusi, na fundi aliyemwezekea paa la duka.

Hatua ya pili: ahadi. Vocha moja ni ahadi ya bidhaa au kazi ya shilingi moja, basi asipewe mtu vocha nyingi kuliko anavyoweza kutimiza. Sisi tulianza na 400 kwa kila mtu. Andikeni, wote watie sahihi. Anayehama hulipa kwanza alichotumia zaidi ya alichouza.

Hatua ya tatu: sheria. Sajilini kikundi na mumjulishe chifu kwa barua. Mwaka 2013, vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa zilipoanza katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, watu sita walikamatwa, akiwemo mwanzilishi Will Ruddick. Mashtaka yaliondolewa baadaye mwaka huohuo, lakini hofu ilikuwa imeshaingia mtaani. Kwa hiyo msiziite pesa, zisifanane na noti, na msiziuze kwa fedha taslimu.

Hatua ya nne: simu. Fanyeni mwezi mzima kwa daftari kwanza. Mtandao wa vocha za simu wa Sarafu, uliojengwa na shirika la Grassroots Economics, ulitumia USSD, yaani huduma ya kupiga namba fupi bila intaneti, hivyo hata simu ya kabambe ilitosha: unapiga namba ya huduma, unaweka namba ya mpokeaji na kiasi, kisha PIN. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 miamala zaidi ya 400,000 ilipita humo. Siku ya mafunzo, kila mtu amtumie jirani yake vocha 5 na asubiri ujumbe ufike. Wazee wasaidiwe kwa subira mpaka waweze wenyewe. PIN ya bibi asipewe mjukuu.

Hatua ya tano: kusoma masalio kila mwezi, kwa sauti, mbele ya wote. Salio kubwa lililolala lina maana mtu hana pa kununua. Salio sufuri la muda mrefu lina maana ananunua ila hauzi. Wako wanaokata sehemu ya vocha zilizolala ili watu wazitumie: mji wa Wörgl, Austria, mwaka 1932 ulitoza noti zake asilimia 1 kwa mwezi, na Sarafu ilikata asilimia 2. Sisi hatukati, maana tungekuwa tunamwadhibu yule mama wa duka kwa kosa la mishale yetu.

Mwezi uliopita salio la mvuvi mmoja lilikaa sufuri wiki tatu. Tulipomwendea, tulikuta nyavu zake zimechanika. Mshonaji nyavu anaishi nyumba ya nne kutoka kwake, ila hatukuwahi kumwandika kwenye karatasi. Tumemwongeza, mshale mmoja kuingia na miwili kutoka.