Kufuga kori, wale kambare wadogo wapole, kwenye tangi la nyumbani: hatua kwa hatua

Ukienda duka la samaki wa mapambo ukaambiwa "chukua na hawa wawili wa kufagia chini", usichukue wawili na usiwachukue kwa ajili ya kufagia. Kori hawali kinyesi cha wenzao, wanahitaji chakula chao, na ni samaki wa kundi, ukiweka mmoja au wawili watajificha nyuma ya filta mchana kutwa. Anza na sita, wote wa aina moja. Nimetoka kumsaidia binamu yangu kupanga tangi lake Tabata na maswali aliyouliza ndo yaleyale watu wanauliza kila siku, kwa hiyo naandika yote hapa.

Hatua ya 1: Chagua aina kwa joto la unakoishi

Dar, Tanga, Mombasa, pwani yote maji ya tangi yanapata moto bila hita, kwa hiyo chukua sterbai, anatoka bonde la mto Guaporé huko Brazil na Bolivia na nyuzi 24 mpaka 28 anaziweza vizuri. Nairobi, Arusha, Mbeya chukua paleatus, yule wa madoadoa, asili yake ni kusini mwa Brazil, Uruguay na Argentina na yeye anapenda ubaridi, nyuzi 18 mpaka 23 hivi. (Samaki huyu ndiye mwanasayansi Charles Darwin alimkusanya kwenye ile safari ya meli ya Beagle, akaandikwa rasmi 1842.) Corydoras ndilo jina la kitaalamu la kori; ukiona mtandaoni jina Hoplisoma badala yake ni samaki walewale, wataalamu waliigawa jenasi yao (kundi la kisayansi) mwaka 2024.

Hatua ya 2: Tangi

Urefu ni muhimu kuliko kina. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54, linatosha kori sita na guppy kadhaa. Liwe na mfuniko ila acha nafasi ya hewa juu ya maji, maana kori wanapanda kuvuta hewa ya juu na kuipitisha kwenye utumbo, ni kawaida yao kabisa. Wakipanda kila dakika hapo ndo uangalie maji yako.

Hatua ya 3: Mchanga

Hapa ndo watu wanaumizwa kichwa, soma polepole.

Kori anakula kwa kufukua, anabugia mchanga mdomoni na kuutolea kwenye matamvua, sharubu zikipapasa chini muda wote. Ukimwekea kokoto za rangi zenye ncha, chakula kinadumbukia katikati ya mawe kinaoza, sharubu zinachubuka kisha zinashika uchafu zinaliwa mpaka kwenye mdomo. Kwa hiyo mi kokoto sizikubali kabisa, hata zile wanazosema ni laini.

Mchanga wa ufukweni acha ulipo, una vipande vya makombe, hiyo ni chokaa na inapandisha ugumu wa maji na pH (kipimo cha ukali wa maji, asidi au alkali) kila siku. Kama hujui mchanga wako umetoka wapi chukua kijiko cha mkavu, mwagia siki, ukichemka povu haufai. Mchanga wa kusaga mawe nao hapana, una makali, usugue kati ya viganja, ukikuchoma wewe utamchoma na samaki. Unaofaa ni mchanga wa mtoni wa kujengea au ule wa filta za mabwawa ya kuogelea, na mi nachagua huu wa bwawa hata kama bei iko juu kwa sababu punje zinalingana na hauna udongo mwingi. Wa mtoni upitishe kwanza kwenye wavu wa mbu wa dirishani ukiwa mkavu, vijiwe vibaki juu.

Halafu kuosha. Jaza theluthi ya ndoo, usijaze zaidi, ingiza mpira wa maji mpaka chini, koroga kwa mkono, mwaga maji machafu, rudia. Utadhani umemaliza baada ya mara tano, hujamaliza, endelea mpaka ukikoroga uone mkono wako ndani ya maji. Sabuni isikaribie, na ndoo iwe ambayo haijawahi kufuliwa nguo. Kilo 8 zinatosha tangi la lita 54, unene sentimita 2 au 3 tu, ukiweka mwingi chini kunakosa hewa. Tandaza ukiwa umelowa, weka sahani juu yake, mimina maji kwenye sahani taratibu.

Hatua ya 4: Komaza maji

Filta ya sponji na pampu ya hewa, basi. Nafuu, haivuti mchanga, na umeme ukikatika ukirudi inaanza yenyewe. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo saa 24 pampu ikipuliza, au tumia dawa ya kuondoa klorini, mi natumia dawa kwa sababu kloramini (klorini iliyoungana na amonia) haitoki kwa kusubiri. Maji ya kisima yenye chumvi usitumie.

Tia chakula kidogo kila siku bila samaki, ili bakteria wanaosafisha maji waote kwenye sponji. Pima amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu), zitapanda kwanza, subiri mpaka zote zirudi sifuri, kawaida wiki 4 mpaka 6. Ukipata sponji kuukuu kutoka tangi la rafiki lililokwisha komaa utafupisha sana.

Hatua ya 5: Kuwaleta

Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi, ongeza maji ya tangi ndani yake kidogokidogo. Wahamishe kwa kikombe, miiba ya mapezi inanasa kwenye wavu. Usiwachanganye na mbuna (wale samaki wakali wa Ziwa Nyasa) wala na mtoto wa kambare wa kula wa sokoni, huyo anakua anawameza.

Hatua ya 6: Kulisha na kubadili maji

Vidonge vinavyozama, jioni taa ikizimwa, kiasi wanachomaliza. Badili robo ya maji kila wiki. Wakishazoea, ukiwatilia maji yenye ubaridi kidogo kuliko ya tangi utaweza kukuta mayai yamegandishwa kwenye kioo, yabandue kwa kidole taratibu uyaweke kwenye chombo kidogo chenye maji ya tangi na pampu, wazazi wanayala. Yanapasuka ndani ya siku 3 mpaka 5.