Kuchagua Gundi ya Kufungia Bolti Ndogo Itakayokubali Kufunguliwa

Bolti ndogo za cherehani au za taa ya pikipiki hulegea kwa sababu ya mtikisiko, na fundi mwenye haraka huzipaka supa gluu, ambayo ikishakauka hupasuka kirahisi inapotikiswa. Kinachofaa ni gundi maalumu ya kufungia nati, ambayo hubaki majimaji ikiwa kwenye hewa na huganda inapobanwa kati ya meno ya chuma, mahali hewa isipofika. Ndiyo maana kichupa chake hakijazwi hadi juu; mteja anayekiinua dukani Gerezani, Dar es Salaam, na kudhani amepunjwa, hajapunjwa.

Cha kuangalia kwanza ni unene wa bolti. Katika gundi za Loctite, namba 222 ya zambarau ina nguvu ndogo na ndiyo inayofaa bolti za M6, yaani zenye unene wa milimita 6, kushuka chini, ilhali namba 243 ya buluu ina nguvu ya kati, na namba 271 nyekundu huhitaji kupashwa joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi ndipo iachie, joto ambalo litaunguza rangi ya cherehani kabla bolti haijasogea. Wauzaji wengi hutoa ya buluu kwa kila kazi, wakisema kwamba inafunguka kwa spana ya kawaida. Kwa bolti ya M8 wanasema kweli. Kwa M3, nguvu ya kuivunja gundi hiyo inaweza kuushinda mwili wa bolti wenyewe, kichwa kikaliwa au shingo ikakatika, na kilichobaki ndani kikalazimu kutobolewa kwa drili. Mimi ningetafuta ya zambarau hata kwa kuzunguka Kariakoo nzima. Hata hivyo, soma maandishi ya kichupa badala ya kutegemea rangi, kwa kuwa si kila kiwanda hufuata mpangilio huo.

Pili ni aina ya chuma. Bolti za stenlesi, ambazo wakazi wa Kigamboni na Mbezi Beach huzipendelea kwa ajili ya hewa ya chumvi, huchelewesha gundi kuganda, hivyo zipe saa 24 kamili kabla ya kuwasha mashine. Kwenye plastiki usiitumie kabisa: haigandi vizuri, na baadhi ya plastiki hupata nyufa.

Safisha meno kwa asetoni hadi mafuta yaishe, yaache yakauke, kisha tia tone moja tu pale nati itakapokaa na ukaze kwa nguvu ya kawaida. Utakapoifungua baadaye, kwangua mabaki makavu kwa brashi ya waya kabla ya kutia tone jipya, la sivyo bolti itaonekana imekaza kumbe imekwama kwenye mabaki hayo.