Misheni ya wiki mbili Malawi: mambo ya kupanga kabla hamjaanza kuchangisha

Wapendwa Bwana asifiwe. Kila mwaka ikikaribia Pasaka naanza kuulizwa na vijana wa makanisa ya huku Mbeya na wengine wa Dar, kaka tunataka kwenda misheni Malawi, nauli shingapi, tubebe nini, mpakani wanasumbua? Sasa nauli ni swali la mwisho kabisa. La kwanza ni hili: nani kawaita? Kama jibu ni "Roho ametuongoza", amina, ila Roho huyohuyo anaongea na mchungaji wa kule pia, kwa hiyo hakikisheni na yeye kasikia. Mnatakiwa muwe na barua ya mwaliko kutoka kanisa la kule linalojulikana, yenye muhuri, tarehe za kuingia na kutoka, mahali mtakapolala na majina yenu kama yalivyo kwenye pasi, halafu kanisa lenu nalo liandike barua ya utambulisho. Barua ya rafiki mliyekutana kwenye semina akasema "njooni tu" hiyo sio mwaliko.

Nalikazania hili maana kuna watu wanavuka mpaka pale Kasumulu wakidhani wanapelekea injili watu ambao hawajawahi kuisikia. Waskoti walianza misheni ya Livingstonia pale Cape Maclear mwaka 1875, malaria ikawaua wengi, wakahamia Bandawe 1881, halafu 1894 wakapanda mlimani Khondowe ambako mji wenyewe wa Livingstonia upo mpaka leo. Sisi huku Rungwe Wamoraviani wametufikia 1891, tena walikuja kwa kupitia ziwani, yaani upande wa hao hao mnaoenda kuwahubiria. Kule mtakuta kanisa la CCAP (Wapresbiteri wa Afrika ya Kati) lenye wazee wa kanisa ambao babu zao walikuwa wazee wa kanisa, Wakatoliki wapo, Wapentekoste wapo kibao. Kwa hiyo mnaenda chini ya abusa (mchungaji wao wanamwita hivo), yeye ndo anapanga nani anahubiri wapi na nani anafundisha watoto, na akisema leo hakuna mkutano tunaenda msibani, mnaenda msibani.

Muda wa kwenda. Nendeni kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mvua zimeisha, barabara zinapitika, na la muhimu kuliko yote mahindi yameshavunwa. Januari na Februari ndo miezi ya njaa vijijini, chakula cha mwaka jana kimeisha na cha mwaka huu kiko shambani kibichi, sasa nyie mnafika watu kumi na mbili na mwenyeji kwa heshima yake atawapikia hata kama watoto wake watalala na uji, na hatawaambia. Hiyo huduma imegeuka mzigo. Mwezi wa saba Karonga, mji ulio karibu na mpaka, ni joto la ziwani kawaida tu ila Mzuzu na Livingstonia ni baridi kweli, mtu wa Dar abebe sweta na blanketi.

Idadi: nane mpaka kumi na mbili inatosha. Nimeona makanisa yanapakia basi zima kwaya na vyombo, watu arobaini, alafu kijiji kizima kinahangaika kutafuta magodoro. Katika hao wachache awepo kiongozi mmoja ambaye neno lake ni la mwisho, mtunza fedha ambaye sio huyo kiongozi, mtu anayejua huduma ya kwanza, na mkipata Mnyakyusa mmoja au wawili mshukuru Mungu, maana Wangonde wa Karonga ni ndugu zao kabisa, akisema "mugonile" anajibiwa na maongezi yanaendelea bila mkalimani. Ukipanda kuelekea Mzuzu ni Kitumbuka, ukishuka Lilongwe na Blantyre ni Kichewa. Kiswahili Karonga wafanyabiashara wengi wanakisikia, lakini usihubirie hicho ukidhani bibi aliyekaa nyuma kaelewa.

Karatasi sasa. Pasi iwe na angalau miezi sita mbele, na msisubiri mwezi wa mwisho kuomba. Ada ya pasi ya kielektroniki ilivyoanza 2018 ilikuwa 150,000 na utahitaji namba ya NIDA, kwa hiyo ambaye hana NIDA aanzie huko, sio kwenye harambee. Mtanzania kwa matembezi mafupi haombi viza Malawi, ila mpakani semeni ukweli kwamba ni wageni wa kanisa, toeni barua, msijifanye mnaenda kumsalimia shangazi wakati mna spika nne na kinanda kwenye keria. Mwenyeji aulize uhamiaji wa kwao mapema kama shughuli zenu zinahitaji kibali. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano bebeni, ukichanjwa mara moja ni ya maisha tangu kanuni zibadilike 2016, ila inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa juzi yake hakukusaidii kitu. Mkienda na gari lenu kuna kadi ya njano nyingine tena, bima ya COMESA, msichanganye mkaacha moja nyumbani. Vyombo vya muziki andikeni orodha na namba zake mgongewe muhuri forodhani kwetu wakati wa kutoka, la sivyo kurudi navyo mtaulizwa mmenunua wapi. Mwenye umri chini ya miaka 18 abebe barua ya wazazi wote wawili.

Ukishavuka daraja la mto Songwe rudisha saa nyuma saa moja. Na kuna kitu kingine kinawachanganya sana Watanzania: wale wanahesabu saa kizungu. Abusa akikuambia ibada inaanza tisa asubuhi, kwa kuhesabu kwetu hiyo ni saa tatu ya kule, na simu yako kama bado iko kwenye saa ya Tanzania itaonyesha kumi. Kubalianeni kwenye timu mnatumia saa gani, saa ya kule, basi, maana mkichelewa ibada ya kwanza kanisa zima linawasubiri na kwaya yao imeshasimama.

Hela. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023 na dola imekuwa adimu, kwa hiyo bajeti mliyopewa na waliokwenda miaka mitano nyuma itupeni. Msibadilishe hela na vijana wanaokimbilia basi pale mpakani, wanahesabu mbele yako vizuri kabisa, ukishafika Karonga unakuta noti zimekunjwa katikati zikahesabiwa mara mbili. Mafuta nayo kule yanakata, foleni za petroli zinaweza kumaliza siku, jazeni tenki Kyela na kwenye ratiba acheni siku moja tupu bila mkutano wowote. Kutoka mpakani mpaka Karonga ni kama kilomita 45 tu, lakini kwenda Livingstonia kutokea Chitimba kuna mlima wa Gorode una kona kali karibu ishirini na basi kubwa halipandi, ulizeni gari dogo. Usiku msisafiri.

Gharama zote za chakula na malazi zitokeni kwenu, mpeni abusa au mama anayesimamia jikoni mapema, kwa siri, sio mbele ya kanisa na kipaza sauti. Msibebe magunia ya mchele wa Kyela mkidhani mnawabariki. Karonga wanalima mchele wao mzuri tu, tena aina inayopendwa kule inaitwa Kilombero, jina la kwetu. Na 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, mahindi, ndizi na tangawizi kutoka Tanzania, mwezi wa nne serikali yetu nayo ikajibu kwa kuzuia mazao yao kabla hawajaelewana, sasa mkabebe gunia mkaanze kujadili diplomasia na forodha? Nunueni kule kule sokoni, hela ibaki kijijini. Nguo za mitumba vivyo hivyo, kuna mama anauza mitumba pale na ndo anasomeshea watoto, nyie mkimwaga bure marobota mawili mmeua biashara yake ya msimu mzima.

Kama kuna ujenzi wa kanisa, lipeni fundi wa pale. Vijana wenu wabebe matofali na maji, wachimbe msingi, jioni waimbe, ila kunyoosha ukuta mwachieni fundi maana ukuta wa mwanakwaya tunaujua. Kambi ya matibabu usiitangaze kabisa kama hamjapata ruhusa, daktari wetu akivuka mpaka hana leseni ya kutibu kule mpaka baraza lao la madaktari limsajili, na panado za kugawa kwa mkono kwenye mikutano acheni.

Hapa nataka tuongee taratibu. Siku ya kwanza kabla hata ya kufunga spika, abusa awapeleke kwa mkuu wa kijiji mkasalimie. Huu sio urasmi tu. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi ulizuka uvumi wa wanyonya damu, watu wakauawa na makundi yenye hasira, Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake wilaya za Mulanje na Phalombe. Mgeni asiyejulikana anayezunguka nyumba kwa nyumba jioni na begi mgongoni, hata kama begi lina Biblia tupu, anaweza kuwa matatani. Kwa hiyo kushuhudia nyumba kwa nyumba ni mchana, na mwenyeji wa kanisa la pale kwenye kila kundi. Pia mashambulizi dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino yametokea kwetu na kwao, wahusika wengine wakisemekana kuvuka mpaka huu huu, kwa hiyo usimpige picha mtoto mwenye ualbino, usimpe lifti, usiulize ulize anakaa wapi, hata kama moyo wako ni mweupe.

Na wahubiri wetu wa maombezi naomba mnisikie: marufuku kutaja mchawi. Marufuku kusema "kuna mama mzee hapa amefunga uzazi wa familia hii". Wewe keshokutwa uko Mbeya unakula ndizi, yule bibi anabaki na wajukuu wenye panga. Wazee wanapigwa na kuuawa Malawi kwa tuhuma hizi, na sheria yao ya uchawi ya 1911 inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa la jinai. Kama mhubiri hawezi kuhubiri bila hicho kipengele, abaki nyumbani aombee timu.

Mkalimani mkutane naye jana yake, umpe mistari na mifano utakayotumia. Sentensi fupi. Ukipewa dakika arobaini ujue yako ni ishirini, nusu ni yake. Utani wa Simba na Yanga haufiki.

Adabu za kawaida: dada zetu chitenje (kitenge) kiunoni muda wote kijijini na suruali ziachwe, wadada wa kule kaskazini wanapiga goti kusalimia wakubwa na wewe ukiinama kidogo inatosha wanafurahi. Nsima (ugali wao) inaliwa kwa mkono, mkiletewa maji ya kunawa mkubwa anaanza, na chakula usikatae labda uwe unaumwa kweli. Asante ni "zikomo" kwa Kichewa, "yewo" kwa Kitumbuka. Ziwa msibishane, sisi tunaliita Nyasa wao Lake Malawi, serikali mbili zimevutana juu ya mpaka wake miaka na miaka, wewe na gitaa lako hutalimaliza. Na msiogelee hovyo, kichocho kipo. Maji ya kunywa yachemshwe au yawekwe dawa, kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700 kule, chandarua kila mtu chake.

Mkiwa Karonga tafuteni saa mbili muende makumbusho ya pale mjini. Wengi wanaenda kuona mifupa ya dainosari, sawa, ila someni na habari za Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyeongea Kiswahili kama wewe, akapigana na Wangonde kuanzia 1887 mpaka Waingereza walipomnyonga 1895. Mzee wa Kingonde anapomwona kundi la Waswahili linashuka kwenye gari na maspika, historia yake na lugha yako ina kurasa hizo. Ni vizuri ujue kabla hujashika maiki.

Picha ombeni ruhusa, na watoto wenye nguo zilizochanika wasiwekwe status kuchangishia. Waliookoka majina yao wanaandika wazee wa pale kwenye daftari lao, nyie msianzishe kundi la WhatsApp la "waongofu wetu". Asiahidi mtu ada ya shule wala baiskeli kwa siri, kama umeguswa pitia kwa abusa na kamati, maana ukishaahidi ukarudi utapigiwa simu na utazima simu, alafu timu ijayo ndo inaulizwa.

Risiti zote mtunza fedha azipige picha kila jioni, karatasi za kule zinafutika haraka, na taarifa isomwe kanisani ndani ya mwezi mmoja ikiwa na kilichobaki. Kwacha zilizobaki malizeni au mwachieni abusa kabla ya kuvuka, Mbeya mjini hakuna anayezitaka.