Cheti cha Moduli Si Cheti cha Kifaa: Namna ya Kuthibitisha Upatanifu wa Sumakuumeme wa Bidhaa Yenye Redio

Mhandisi anayenunua moduli ya Wi-Fi au Bluetooth, yaani kipande cha redio kilicho tayari kupachikwa kwenye bodi, iliyokwisha kuidhinishwa mara nyingi hudhani kwamba habari ya vyeti imekwisha. Moduli imepimwa kweli, lakini ilipimwa ikiwa kwenye bodi ya majaribio, pamoja na antena iliyotajwa katika hati zake. Ukishaipachika kando ya kichakato chako, skrini yako na saketi yako ya kugeuza umeme, unachouza ni kifaa kingine, na mwenye kukitolea majibu ni wewe, pamoja na upatanifu wake wa sumakuumeme, yaani kwamba hakisumbui vifaa vingine kwa mawimbi yake wala hakisumbuliwi navyo.

Kabla ya kuchora bodi, soma hati za idhini ya moduli. Kwa soko la Marekani, angalia kama FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, imeipa idhini kamili au idhini yenye mipaka, kwa kuwa hii ya pili huifunga moduli kwenye masharti mahususi ya matumizi. Kisha angalia antena: unaruhusiwa kutumia nyingine ya aina ileile yenye ukuzaji (uwezo wa kuelekeza nguvu ya mawimbi) sawa au mdogo zaidi, ila ukibadili aina au ukizidisha ukuzaji, idhini iliyopo haikukingi tena. Sharti jingine linalosahaulika ni umbali. Moduli nyingi huidhinishwa kwa matumizi ambayo antena hukaa angalau sentimita 20 kutoka mwilini, kwa hiyo kifaa cha kuvaliwa kwenye kifundo cha mkono huhitaji tathmini yake chenyewe ya mionzi inayofyonzwa na mwili.

Hata pale masharti hayo yote yanapotimizwa, kifaa kizima bado kinapaswa kukidhi Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC kuhusu mionzi isiyokusudiwa, yaani mawimbi yanayovuja kutoka kwenye saketi zake, na lebo yake ionyeshe namba ya kitambulisho ya moduli iliyomo ndani. Kwa vifaa vya nyumbani, kati ya megahezi 30 na 88, kikomo ni mikrovolti 100 kwa mita, zikipimwa umbali wa mita 3.

Katika Umoja wa Ulaya wengi huanza kwa kufungua agizo (sheria ya Umoja huo) la upatanifu wa sumakuumeme, 2014/30/EU, na hapo wamekwisha kupotea njia. Kifaa chenye redio husimamiwa na agizo la vifaa vya redio, 2014/53/EU, ambalo lina matakwa yake yenyewe ya upatanifu. Viwango vya kiufundi vya Ulaya vinavyotumika ni EN 301 489-1 pamoja na sehemu inayohusu teknolojia yako. Kwa Wi-Fi na Bluetooth ni sehemu ya 17. Tofauti kubwa na Marekani ni kwamba Ulaya hudai pia kinga: kifaa kivumilie umemetuli wa kilovolti 4 kwa mguso na kilovolti 8 kupitia hewani, na kiendelee kufanya kazi ndani ya uga wa volti 3 kwa mita. Andika mapema, kabla ya kwenda maabara, maana ya “kuendelea kufanya kazi” kwa kifaa chako, kwa sababu bila maandishi hayo mpimaji hana kipimo cha kukuhukumia.

Siku nyingi za maabara hupotea kwa jambo dogo la programu. Mpimaji anahitaji redio irushe mfululizo kwenye masafa ya mawimbi anayoyachagua, na kama kifaa kina redio mbili zinazoweza kurusha kwa pamoja, anahitaji kuziona zikifanya hivyo. Iandae programu hiyo na uijaribu wewe mwenyewe. Peleka pia chaja na kebo zilezile zitakazouzwa na kifaa, maana kebo ndefu hugeuka antena kwa urahisi, na mara nyingi chanzo cha kufeli ni yenyewe, wala si redio. Kipimo cha awali ofisini kwa kichunguzi kidogo cha uga wa karibu, kinachopitishwa juu ya bodi, na kichanganuzi cha masafa, kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, hakina nguvu ya kisheria, lakini huonyesha saketi ipi inapiga kelele wakati bodi ingali inabadilishika.

Baada ya kufaulu, hati za kiufundi huhifadhiwa kwa miaka 10 tangu kifaa kinapoingizwa kwenye soko la Ulaya. Ukibadilisha chaja, kichakato au mpangilio wa bodi katikati ya uzalishaji, tathmini upya athari yake na uiandike katika jalada hilohilo.