Ukungu kwenye paa la turubai la gari: kuutoa na kuuzuia usirudi

Mimi ni fundi wa kushona viti na paa za magari Dar es Salaam, ambako kuanzia Machi hadi Mei hata viatu kabatini huota ukungu. Magari ya kufungua paa si mengi huku kwetu lakini yapo: Mazda Roadster zinazoletwa zikiwa zimetumika Japani, Suzuki Escudo fupi za turubai, na Land Rover za zamani. Wengi hunifikia wakiwa wameshamwagia paa jiki, wanataka kujua bei ya kushona jipya. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi paa lilikuwa la kusafishwa tu.

Haya nayaandika baada ya kumsaidia kaka mmoja wa Kigamboni mwenye Roadster ya toleo la kwanza, lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, lenye paa la reksini na dirisha la nyuma la plastiki. Tulilisafisha paa lake mara tatu, na mara tatu ukungu ukarudi. Sababu utaikuta hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: jua paa lako ni la kitu gani

Reksini ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Ukiipitishia kiganja ni laini na maji hayaingii. Akriliki ni kitambaa cha kufumwa kwa nje, katikati kina utando wa mpira, na kwa ndani kitambaa kingine. Turubai la pamba ndilo lililozoeleka kwenye Land Rover za zamani.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kama paa litapona. Pamba yenyewe ni chakula cha ukungu. Ukichelewa, nyuzi zinaoza. Libane kwa vidole viwili karibu na mshono, na kama linachanika kama gazeti lililolowa, usipoteze siki yako, ile ya kusafishia ya hatua ya tatu. Reksini na akriliki haziliwi hivyo. Pale ukungu unakula uchafu uliokaa juu yake: vumbi, kinyesi cha ndege, mafuta ya mikono, unga wa majani. Ndiyo maana gari chafu huota ukungu haraka kuliko gari safi lililoegeshwa palepale.

Hakikisha pia unachokiona ni ukungu kweli. Sisi wa karibu na bahari tunapata unga mweupe wa chumvi juu ya paa. Tone la maji likiuyeyusha ukapotea, hiyo ni chumvi. Lakini nayo ioshe, maana chumvi huvuta unyevu wa hewani na kulifanya paa libaki na majimaji asubuhi nzima. Na kama unaegesha chini ya mwembe, ule weusi kama masizi hautoki kwenye mvua. Wadudu weupe wanaoganda chini ya majani hudondosha utomvu mtamu, na juu ya utamu ule ndipo kuvu jeusi huota, kwenye majani na kwenye paa lako vilevile. Hapo dawa ya kwanza ni kuhamisha gari.

Hatua ya pili: osha

Funga paa, egesha kivulini, vaa barakoa. Lilowanishe lote kabla brashi haijaligusa, kwa sababu ukungu mkavu ukisuguliwa huruka na utauvuta puani. Tumia maji ya kawaida na shampuu ya magari, au ya watoto wachanga kama huna nyingine. Brashi iwe laini. Mimi natumia ile ya manyoya ya farasi ya kung'arishia viatu na sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Brashi ya kufulia nguo huchuna akriliki ikaanza kutoa vinyweleo.

Usipeleke paa kwenye mashine ya presha. Wale vijana wanaoosha magari hawana kosa, wanaosha kama wanavyoosha bati, lakini presha husukuma maji ndani ya mshono, na mshono ndiyo sehemu inayochelewa kukauka kuliko zote.

Dirisha la plastiki halipigwi brashi. Limwagie maji mengi, kisha lipitishe kitambaa laini kilicholowa, pasipo kukandamiza. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia huligeuza kuwa na ukungu wa aina nyingine kabisa, ule usiotoka.

Hatua ya tatu: siki, wala si jiki

Chukua siki nyeupe ya dukani, ile ya kachumbari, yenye asidi asilimia 5. Changanya na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, ngoja pakauke, tazama rangi. Kisha pulizia paa lote, na madoa uyaongezee. Acha kama dakika 20, na likianza kukauka pulizia tena. Sugua kwa brashi ukizunguka taratibu, halafu suuza sana, maana siki iliyobaki kwenye vyuma vya kukunjia paa si nzuri. Kwa upande wa ndani usipulizie. Lowesha kitambaa, kamua, ndipo ufute.

Jiki utaambiwa na kila mtu, na ni kweli inafuta weusi ndani ya dakika mbili. Lakini inakula uzi. Paa linaweza kuonekana jipya, halafu miezi kadhaa baadaye mshono unaachia pale kwenye mkunjo, ukiwa kwenye mvua. Nimeshona upya mapaa ya namna hiyo, na kitambaa chenyewe kilikuwa bado kizima. Na usije ukaweka jiki halafu ukafuata na siki, au kinyume chake: vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa gesi hiyo inaweza kukutoa roho.

Kwenye reksini nyeupe au ya rangi ya maziwa, kubali kwamba doa lingine halitatoka. Ukungu umekufa, lakini rangi yake imeshaingia ndani ya plastiki. Usiendelee kusugua mpaka ukatoboa.

Hatua ya nne: matundu ya kutolea maji

Kaka wa Kigamboni alipokuja mara ya kwanza nilifanya yote hayo juu na paa likawa safi. Baada ya wiki mbili akarudi: ukungu upo, lakini kwa ndani, kwenye pembe ya chini nyuma ya siti ya abiria. Nikasafisha. Ukarudi palepale. Mara ya tatu nikaongeza siki na gari likakaa juani siku nzima. Ukarudi. Ndipo nilipoacha kutazama paa, nikachomeka mkono chini ya kapeti nyuma ya siti. Sponji ya chini ya kapeti ilikuwa imejaa maji kama dodoki. Kila jua likiwaka, maji yale yalipanda kuwa mvuke, na mvuke ulikwenda kutua kwenye kitambaa cha paa.

Kwenye Roadster ile, maji yanayoteremka juu ya paa hupokelewa na mfereji ulio chini ya ukingo wake wa nyuma. Mfereji huo unayapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, nyuma ya nguzo za mikanda ya siti. Kutoka hapo maji hushuka kwa bomba ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Tundu likiziba maji hayana pa kwenda ila ndani. La gari hili lilizibwa na majani madogo ya mwarobaini yaliyooza mpaka yakawa tope jeusi.

Jaribio ni hili. Paa likiwa limefungwa, ingiza mkono nyuma ya nguzo ya mkanda mpaka uliguse tundu kwa kidole. Mimina maji kwa jagi dogo, polepole, huku mwenzako amechuchumaa nje akiangalia chini mbele ya tairi. Maji yanatakiwa kutoka mara moja na kwa nguvu. Yakichuruzika tu, limeanza kuziba. Yakisimama, acha kumimina upesi, usijaze gari lako mwenyewe. Fanya pande zote mbili hata kama ni upande mmoja tu unaonuka. Upande wa pili wa gari lile ulikuwa nusu umeziba, na mwenyewe hakuwa na habari.

Sasa kuzibua, na hapa ndipo nilipoteza Jumamosi nzima. Nilichukua spoku ya baiskeli nikaisukuma. Tope likapasuka, maji yakapita, nikafurahi. Kumbe spoku ililing'oa bomba kwenye shingo yake, na maji niliyoyaona yakishuka yalikuwa yanamwagika ndani ya kizingiti cha mlango, mahali panapooza kwa kutu kimyakimya. Nilikuja kugundua nilipoona maji yanatokea chini ya mlango, mbali na tairi. Kulirudisha bomba lile kulinigharimu saa sita za kufungua siti, mikanda na kapeti.

Kwa hiyo: usitumie spoku, wala hanga ya nguo, wala waya wowote wenye ncha. Tumia uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi. Unapinda, unafuata bomba, hauna nguvu ya kutoboa. Choma ncha yake kwa kiberiti iwe duara. Toa kwanza tope la juu kwa vidole na kijiko, usilisukume chini. Kisha ingiza uzi ukiuzungusha, mimina maji ya uvuguvugu kidogo, vuta, rudia. Upepo wa kompresa usiupulize kutokea juu, nao unaweza kuling'oa bomba. Maji yakishapita vizuri, tazama tena yanatokea wapi. Yakitokea popote pasipo pale mbele ya tairi, bomba limeachia. Simamisha kazi na umwone mtu atakayelifungua.

Magari mengine matundu yako kwingine, na Land Rover ya turubai haina mfereji wa namna hiyo kabisa. Lakini kapeti liguse kwenye gari lolote. Likiwa na maji, linyanyue, sponji itoke nje, na isirudi ndani mpaka ikauke mpaka katikati. Ile ya Kigamboni ilichukua siku tatu juani. Juu ilikuwa kavu tangu siku ya kwanza. Nilipoikunja, maji yakachuruzika.

Hatua ya tano: kausha

Paa limefungwa, milango na vioo wazi, feni ya nyumbani ikielekezwa ndani. Shika mshono: ukiwa wa baridi kuliko kitambaa kilicho pembeni yake, bado una maji. Usikunje paa bichi hata kama ni kwa safari ya kufika dukani.

Hatua ya sita: kinga

Paa safi na kavu lipake dawa ya kinga. Akriliki inataka dawa ya kuzuia maji ya vitambaa, reksini inataka dawa ya kukinga jua. Ukizibadilishana umetupa pesa. Mafuta ya kung'arishia dashibodi na matairi yasiguse paa, yanakusanya vumbi, na vumbi ndilo chakula cha ukungu.

Kava la nailoni sishauri hapa pwani. Gari linatoa jasho ndani yake usiku kucha. Kivuli cha banda lililo wazi pembeni ni bora mara kumi. Kama ni lazima ufunike, tafuta kitambaa kinachopitisha hewa, na usikiweke juu ya paa bichi.

Usilifungie gari miezi mizima. Kila wiki, siku ya jua, fungua milango lipigwe na upepo saa moja au mbili. Unapokunja paa la toleo lile la kwanza la Roadster, fungua kwanza zipu ya dirisha ulilaze taulo laini juu yake. Na mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, kisha Oktoba kabla ya vuli, chukua lile jagi umimine maji kwenye matundu yote mawili, mwenzako akiwa nje anaangalia mbele ya tairi.