Nairobi hadi New York: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na saa za kukaa angani

Mimi hukata tiketi, na wateja wengi hutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, wakaamini wamepata muda wa safari. Sivyo. Saa hizo mbili ni za miji miwili tofauti. Tufuate mfano wa safari ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways iliianza Oktoba 2018.

1. Viwanja. Tumia herufi tatu za uwanja, si jina la mji. Jomo Kenyatta ni NBO, John F. Kennedy ni JFK. Ukiandika "New York" tu waweza kuletewa LaGuardia (LGA), au Newark (EWR) iliyo jimbo jirani la New Jersey.

2. Umbali. Fungua Google Earth, chukua rula, gusa NBO kisha JFK. Utapata takriban kilomita 11,840. Kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini, juu ya Sahara, na watu hudhani ndege inazunguka bure. Vuta uzi juu ya tufe la darasani kati ya miji hiyo, utaona unapita huko huko.

3. Muda. Boeing 787 ikishatulia juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. 11,840 ukigawa kwa 900 ni saa 13 na dakika chache. Ongeza kama saa moja ya kupaa, kushuka na kutembea ardhini. Halafu kuna upepo: juu ya Atlantiki ya Kaskazini huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda unapambana nao, kurudi unakusukuma. Weka saa 15 kwenda, 14 kurudi.

4. Saa za miji. Hapa tulia. Nairobi iko mbele kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ni saa 7. Tuseme ni Januari, tiketi inasema 23:55, yaani saa sita kasoro dakika tano usiku. Ongeza 15: Nairobi itakuwa 14:55. Toa 8: New York ni 06:55, saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Tiketi inaonyesha kama saa 7 tu, kumbe umekaa 15.

Tarehe nayo iangalie sana. Tiketi ya 00:30 tarehe 10 ni usiku wa kuamkia tarehe 10, kwa hiyo uwe uwanjani tarehe 9 jioni. Ukienda tarehe 10 usiku, ndege ilishaondoka tangu usiku uliotangulia.

5. Kurudi. Ukitoka JFK 12:30 mchana, ongeza 14, kisha ongeza 8 badala ya kutoa. Unatua Nairobi 10:30 kesho yake. Anayekupokea mwambie saa nne na nusu asubuhi, na umtajie tarehe.