Projekta Haina Rangi Nyeusi: Namna ya Kupata Picha Safi ya Sinema Uani

Kijana mmoja alinipigia simu wiki iliyopita na swali ninaloulizwa kila msimu wa harusi: "Mzee, ninunue projekta ya lumeni ngapi?" Lumeni ndicho kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye mashine. Nikamuuliza ataonyeshea wapi. Uani, akasema, chini ya mwembe, kuna taa moja tu ya jirani. Nikamwambia pesa aziweke kwanza, tuzungumze habari za hiyo taa.

Nilianza kazi hii hapa Tanga nikibeba mikebe ya filamu za milimita 35 na kuipandisha chumba cha mashine. Siku hizi nina projekta mbili, benna moja nyeupe na bajaji ya kukodi, nazunguka mashuleni na kwenye maharusi. Mashine zimebadilika mno, ila makosa ya watu ni yale yale.

Giza kwanza

Projekta haina rangi nyeusi. Kazi yake ni kutoa mwanga, na inapotakiwa ionyeshe weusi, inachoweza ni kunyamaza tu. Weusi unaouona hapo ni kitambaa chako mwenyewe, kama kilivyo chini ya mwanga wowote uliopo uani. Taa ya jirani ikikipiga, kitambaa kinakuwa kijivu, na mandhari zote za usiku kwenye filamu zinageuka alfajiri yenye ukungu.

Hili nililijua kwa gharama. Shule moja walilalamika kwamba hawaoni kitu kwenye sehemu za usiku, nami nikakodi projekta yenye nguvu maradufu. Weupe ukaumiza macho, usiku ukabaki ule ule. Siku ya tatu ndipo nikageuka nyuma, nikaona balbu ya muuza chapati inatazamana na pazia langu uso kwa uso.

"Shikamoo shangazi. Naomba tuizime hiyo taa, filamu inaanza."

"Marahaba mwanangu. Nikizima, chapati nizigeuze kwa kupapasa?"

Nilitafuta kopo tupu la rangi la lita 4, nikalitoboa kitako, nikalivika ile balbu ya LED. Mwanga ukaangukia chuma chake cha chapati na si kwingine. Projekta ya kukodi nikairudisha. Tangu siku hiyo sitoki bila makopo matatu.

Basi kabla ya kufungua begi, simama pale litakapokaa pazia, ulipe mgongo, utazame mbele. Kila taa unayoiona kutoka hapo ni adui. Na mwezi pia. Mwezi mpevu hupanda mashariki jua linapozama, kwa hiyo usiku kama huo pazia lipe mgongo mashariki.

Pazia

Shuka la kitanda liache kitandani. Linapitisha mwanga, linashika mikunjo, na upepo wa kusi ukianza linapumua kama tanga la ngalawa. Mimi natumia benna nyeupe isiyochapwa, ile ya watengeneza mabango, iliyotiwa pete za chuma pembeni. Tumia upande usiong'aa. Upande unaong'aa unarudisha mwanga kwa waliokaa katikati na kuwanyima wa pembeni, na katikati ya picha linatokea doa jeupe kama sahani.

Kisha nunua kaniki, ushone ukingo wa sentimita 15 kuzunguka pazia lote. Usiicheke hiyo kaniki. Jicho hupima weusi kwa kulinganisha. Likiona weusi wa kweli pembeni, lile giza la ndani ya picha, ambalo kwa hakika ni kijivu, linalikubali kuwa jeusi. Majumba ya sinema yana mapazia meusi ya pembeni kwa sababu hiyo hiyo.

Ukubwa wa pazia upige kwa hesabu, usipige kwa tamaa. Chukua lumeni za projekta, gawa kwa eneo la pazia kwa mita za mraba, kisha gawa kwa 3.14. Jibu ni mng'ao, yaani jinsi pazia linavyong'aa machoni, kwa kipimo cha kandela kwa mita ya mraba. Kipimo cha majumba ya sinema ya kidijitali, kile kilichomo kwenye kanuni za DCI, umoja wa studio kubwa za Hollywood uliotoa kanuni hizo mwaka 2005, ni kandela 48. Projekta yangu ya lumeni 3000, kwa pazia la upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.4, inatoa kama 47. Inatosha, kwa karatasi. Lakini ukiiweka kwenye hali ya Cinema, ambayo ndiyo yenye rangi za kweli, mwanga unapungua, mara nyingine kwa theluthi au zaidi. Ndiyo maana naishia mita 4, ambapo hesabu inanipa kama 106 na nina akiba ya kupoteza. Na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi bila neno ANSI, yaani lumeni zilizopimwa kwa kanuni rasmi, usiiamini hata kidogo.

Kuiweka sawa

Projekta itazame pazia moja kwa moja, kwa kimo kinachotakiwa na lenzi yake. Wengi huiweka pembeni, picha ikipinda wanabonyeza kitufe cha kunyoosha. Kitufe hicho hakinyooshi kitu. Kinaikunja picha ndani ya mashine ili ikitoka ionekane imenyooka, na nukta (pikseli) zilizobaki pembeni zinapotea bure. Umelipia nukta 1920 kwa 1080, unatumia pungufu. Tena zile nukta zilizozimwa hazizimiki kabisa. Utaona utando wa kijivu umezunguka picha.

Utando huo unatokana na jinsi mashine nyingi zilivyobuniwa. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments huko Marekani alibuni kipande kilichojaa vioo vidogo mno, kila kimoja kikiwa na bawaba yake. Kioo kikiinama huku, mwanga unakwenda kwenye lenzi. Kikiinama kule, unatupwa kwenye kizuizi ndani ya mashine. Vinapinduka maelfu ya mara kwa sekunde, na kijivu ni kioo kilichokaa muda mfupi upande wa lenzi na muda mrefu upande wa pili. Ufundi huo ndio ulioingiza sinema ya kidijitali kwenye kumbi, na Hornbeck alipewa tuzo ya Oscar mwaka 2015. Hata hivyo mwanga kidogo huvuja wakati wote. Narudia: weusi hauuzwi ndani ya boksi.

Kama projekta yako ina uwezo wa kusogeza lenzi yenyewe juu na chini, tumia huo. Lenzi ikisogea hakuna nukta inayopotea.

Buibui na kanzu

Menyu ina vitu thelathini. Mimi nagusa viwili. Nina picha niliyoipiga mwenyewe ya mama mkubwa amevaa buibui jeusi na mjomba amevaa kanzu nyeupe, wamesimama bega kwa bega kivulini. Naifungua picha hiyo, pazia likiwa limeshawekwa na giza limeshaingia.

Kitufe cha Brightness, licha ya jina lake, kinaamua weusi. Kishushe mpaka mikunjo ya buibui ipotee iwe kama shimo. Halafu kipandishe polepole mpaka mikunjo ianze kurudi. Simama hapo. Kitufe cha Contrast kinaamua weupe. Kipandishe mpaka darizi ya kanzu imezwe na mwanga, kisha kishushe mpaka uisome tena. Rudi kwenye buibui uhakiki, maana vitufe hivi viwili vinavutana. Dakika tano, basi. Hali ya Dynamic, ambayo kila fundi wa dukani anaipenda, kwa projekta nyingi inawapaka watu ukijani, achana nayo.

Picha inayochechemea

Filamu za sinema hupigwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde tangu sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashine zetu za zamani zilikuwa na kipande cha chuma kikizunguka kama feni mbele ya taa, kila fremu ikamulikwa mara mbili, na jicho likapata mimweko 48 likatulia. Kompyuta yako kwa kawaida inatoa picha mara 60 kwa sekunde. 24 haiingii kwenye 60 bila kubaki, kwa hiyo fremu moja inakaa mara mbili, inayofuata mara tatu. Kamera ikigeuka taratibu kutazama bahari, upeo wa macho unachechemea.

Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya skrini ya kompyuta, weka 24 kama projekta inakubali. Video za harusi zetu nyingi hupigwa fremu 25. Hizo ziwekee 50. Na kile kitu cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za katikati, kizime. Wapo waliotaka fremu nyingi kwa makusudi: Douglas Trumbull, Mmarekani, aliunda mfumo wa Showscan wa filamu ya milimita 70 ikikimbia fremu 60, lakini yeye alizipiga kwa kamera. Mashine yako inazikisia, na mikono ya mcheza ngoma inaacha mikia.

Lenzi futa kwa kitambaa cha miwani, si ncha ya kanga. Chumvi ya pwani inakwaruza. Projekta ya taa ya kawaida ichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba, kwani umeme ukikatika feni inasimama taa ikiwa bado moto, na taa za namna hiyo hazina subira.

Huku kwetu jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Mimi naanza saa 2 kasorobo hata watoto wakipiga kelele, nawapoza kwa nyimbo. Filamu ikianza siketi karibu na mashine. Nachukua chai, nakwenda kukaa kwenye jamvi la mwisho, pembeni kabisa, dakika kumi za kwanza. Aliyekaa hapo akiona uso wa mtu gizani, naweza kurudi kwenye bajaji yangu.